Fulana za Lucius na Ardelia

Mimi ndiye niliyezitengeneza zile fulana, na sitaki mtu mwingine abebe lawama. Wako wanaosema diwani aliharakisha mambo. Wengine wanasema akina mama walikuwa wabishi. Waongo wote. Picha niliichagua mimi, maandishi niliyapanga mimi, na mashine niliishika kwa mikono hii hii.

Duka langu liko Kaskazini mwa Filadelfia, katikati ya kinyozi na muuza samaki wa kukaanga. Nachapa fulana za timu za mpira wa kikapu, za mikutano ya ukoo kila Julai, na za wagombea wakati wa uchaguzi. Lakini kazi inayoniweka mjini ni ya marehemu. Kijana akiuawa hapa kwetu, hata mwili haujatoka mochwari, mama yake au dada yake ameshafika kwangu na simu mkononi, picha ya kijana anacheka. Namweka katikati. Jina linakaa juu kwa upinde, mawingu pembeni, njiwa wawili, na chini kabisa miaka yake, wa kuzaliwa na wa kufa, na kistari katikati. Siku ya mazishi mtaa mzima umemvaa. Wala haziishii hapo. Watu huzivaa siku yake ya kuzaliwa, siku mtaa unapofungwa kwa sherehe, na siku yoyote ambayo watu wanakusanyika na yeye angekuwepo. Ya kwanza kabisa niliyotengeneza ilikuwa ya mdogo wangu, Rondell, mwaka tisini na nane. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi hii nilijifunzia usoni mwake.

Rondell alikuwa mtoto wa Mzee Lucius Pettway na mkewe Bi Ardelia, kama sisi sote. Wenyewe hawakujaliwa kuzaa. Mzee aliendesha basi la jiji, Bi Ardelia alipika shuleni, na mwaka sabini na moja wakaanzisha kikosi cha ngoma katika chumba cha chini cha kanisa letu, chumba chenye harufu ya ukungu na nyaya zinazoning'inia. Kila Jumamosi asubuhi Bi Ardelia alipita nyumba kwa nyumba akigonga milango kwa funguo zake.

"Huyo mtoto bado amelala? Mwamshe."

"Bi Ardelia, amechoka."

"Sijauliza kama amechoka. Nimesema mwamshe."

Mama akiwa hayupo, alimvalisha mtoto mwenyewe. Mama akiwa yupo lakini hajiwezi kwa pombe, alimvalisha vile vile, tena bila kumsema. Huko chini Mzee alikuwa anasubiri na vijiti. Hukugusa ngoma mpaka umemwonyesha daftari la shule. Ukipotea wiki mbili, alikufuata mpaka kwenye kona unakouza sumu yako, na sare yake ya basi, mbele ya wateja wako, akasema, "Mkuu, una mazoezi." Wakubwa wa kona walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini hakuna aliyewahi kumgusa.

Miaka arobaini na minane walifanya hivyo. Wengi wetu tulitoka salama. Wako manesi, wako wazima moto, yuko mmoja ni jaji huko Delaware na hajawahi kurudi hata kusalimia. Na wengi hawakutoka. Kila aliyeuawa, kikosi kilimsindikiza. Mzee alikuwa mbele, ngoma kiunoni, glavu nyeupe, akipiga polepole kutoka mlango wa kanisa mpaka gari la maiti, na chini ya koti la sare amevaa fulana ya kijana mwenyewe. Nilimtengenezea fulana nyingi kuliko mtu yeyote mtaani.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa funguo, halafu majina, halafu njia ya kurudi nyumbani, yeye aliyeendesha basi miaka thelathini. Na kila jioni, kwenye saa za mazoezi, alikuwa anawaulizia vijana wake. Jamal yuko wapi? Mbona Little Otis hajaja? Na zaidi ya wote alimuulizia Rondell, kwa sababu Rondell alipiga ngoma ndogo vizuri kuliko mtoto yeyote aliyewahi kupita kwenye chumba kile.

Bi Ardelia hajui kudanganya. Mara ya kwanza alimwambia ukweli. Mzee alilia kama ndio kwanza risasi zimelia nje, akaanguka bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia tena. Keshokutwa vile vile. Siku hiyo Bi Ardelia alikuja dukani kwangu, akasimama mbele ya kaunta, hakutaka kiti.

"Nimemzika mdogo wako mara tatu wiki hii, Renita," akasema. "Basi. Sina nguvu ya mara ya nne. Kuanzia leo Rondell yuko kazini. Wote wako kazini. Ukija nyumbani kwangu, na wewe useme hivyo hivyo."

Nikasema. Kwa miaka miwili, kila Jumapili nilipowapelekea chakula, Mzee alinishika mkono akaniuliza, "Rondell umemwacha wapi?" nami nikajikaza kisabuni nikajibu, "Yuko kazini, Mzee. Amepata zamu ya jioni." Alikuwa anatikisa kichwa, "Kijana wa kazi yule," kisha ananyamaza. Nilikuwa naingia kwenye gari nimeshika usukani dakika nzima kabla ya kuwasha. Nilimchukia Bi Ardelia kwa hilo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilimpenda pia.

Ndipo ikaja habari ya heshima. Jiji lilikubali kona ya kanisa iitwe kwa jina lao. Kungekuwa na kibao kipya, diwani, hotuba, na kikosi cha watoto wa sasa kingepiga ngoma. Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa tano asubuhi. Mtaa mzima ulifurahi. Bi Ardelia akaja tena dukani, na safari hii alikaa.

"Najua watu wangu," akasema. "Kila mama atataka kuja na mwanawe kifuani. Na Lucius bado anajua kusoma, Renita. Sura zile anazijua kuliko yangu. Akishuka kwenye gari akawaona wote pale, na miaka yao imeandikwa chini, atawapoteza wote kwa siku moja. Sitaki maiti hata mmoja kwenye ile kona. Nipe hiyo siku moja tu."

Nikamwahidi. Niliapa, hata.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kama yeye alivyokuwa akifanya, na nilitukanwa vya kutosha. Bi Earlene Mapp, mama yake Little Otis, alinipokea barazani na sigara mdomoni, hakufungua hata mlango wa wavu.

"Otis alimpigia yule mzee ngoma miaka kumi na moja," akasema. "Leo anaheshimiwa, mimi nimwache mwanangu kwenye droo kama chupi?"

"Si hivyo, Bi Earlene."

"Ni vipi sasa? Wewe unayekula kwa vifo vyetu ndiye wa kuniambia lini nimvae mwanangu?"

"Mdogo wangu pia simvai siku hiyo."

"Hiyo shauri yako."

"Ni kwa ajili ya Mzee. Akimwona Otis atajua amekufa."

Alivuta sigara mpaka ikafika kwenye kichungi. "Mwenzangu ana bahati," akasema. "Mimi hakuna aliyenificha."

Nikamwambia kwamba nitatengeneza fulana moja tu, ya Mzee na Bi Ardelia, kila mtu atavaa hiyo, bure, na hakuna atakayeonekana amemwacha mtu wake nyumbani. Akakohoa, akasema anavaa saizi kubwa mno na nisimletee kitu cha kumbana. Nikajua nimempata. Mpaka Ijumaa, wiki moja kabla ya sherehe, nilikuwa nimewapata wote.

Nilizitengeneza kwa siku tatu. Picha ilikuwa ya mwaka sabini na nane, wawili wamesimama mbele ya kanisa na kofia nyeupe za kikosi, Mzee amejaza kifua, Bi Ardelia anamtazama yeye badala ya kamera. Niliiweka katikati. Majina yao juu kwa upinde. Nikaongeza mawingu kidogo pembeni kwa sababu pembeni palikuwa patupu, na njiwa, na chini nikaweka miaka ya kazi yao, 1971, kistari, 2019. Mikono ilienda yenyewe. Niliona ni nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilizigawa kwa watu karibu mia mbili, na katika watu mia mbili hakuna mmoja aliyeona kasoro. Wote walisema zimependeza. Bi Earlene aliivaa palepale mlangoni juu ya gauni lake la kulalia, akalia kidogo, akaniambia niondoke.

Jumamosi ilikuwa na baridi ya jua. Wanaume walikuwa wamefunga barabara kwa viti vya chuma, akina mama wamepanga trei za samaki, makaroni ya jibini na pai za viazi vitamu kwenye meza ndefu. Kibao kipya kilikuwa juu ya nguzo, kimefunikwa kitambaa cha buluu. Watoto wa kikosi walijaribu ngoma zao. Watu wote walikuwa na fulana zangu juu ya masweta, na mimi nilisimama pale nimevimba kichwa, sifichi.

Mpeleka barua alikuwa anapita na kigari chake. Mgeni, ndio kwanza wamempa mtaa wetu. Akasimama, akatazama watu, akavua kofia.

"Poleni sana, dada," akaniambia.

"Pole ya nini?"

Akaonyesha kifua changu kwa kidevu. "Wote wawili kwa mpigo? Ilikuwa ajali?"

Nikainama nikaitazama fulana yangu. Naapa ile ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Mawingu. Njiwa. Miaka na kistari chake. Niligeuka nikatazama barabara nzima, na kila nilipotupa jicho, Lucius na Ardelia Pettway walikuwa wamekufa.

Nilimkimbilia kijana wa kipaza sauti nimwambie watu wavae makoti. Sikumfikia. Gari lilikuwa limeshakata kona, ngoma zikaanza, watu wakapiga makofi na vigelegele. Bi Ardelia alishuka kwanza, kapteni wa kanisa zima, na kofia yake ya sherehe. Akatutazama. Nilimwona akisoma, na nilimwona uso ukimbadilika. Akataka kurudisha mlango wa gari, lakini Mzee alikuwa ameshatoa miguu.

Alikuwa amevaa koti lake la kikosi. Alisimama, akanyoosha mgongo, akatabasamu kwa ajili ya ngoma. Halafu akaanza kutazama vifua vya watu. Mmoja, wa pili, wa tatu. Alisogea mpaka kwangu, nilikuwa mbele, akaweka kidole kwenye fulana yangu akafuata herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye kistari, akasimama hapo. Watoto wakaacha kupiga, mmoja mmoja.

"Ardelia," akasema. "Tumekufa lini?"

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha, maana Mzee alikuwa mtu wa mizaha. Kicheko kikafia njiani.

"Hatujafa, mpenzi," Bi Ardelia akasema. Alikuwa ameshamshika mkono. "Wanatuheshimu. Ni sherehe yetu."

"Usinifanye mtoto. Hizi fulana nimezivaa mimi kuliko mtu yeyote hapa. Najua maana yake." Hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Tulikufa pamoja? Siku moja?"

Bi Ardelia alimvuta kuelekea garini.

"Afadhali," akasema Mzee. "Nilikuwa naogopa nitakuacha peke yako." Kisha akainua shingo, akaanza kutafuta kwenye umati, juu ya vichwa vya watu, kama alivyokuwa akihesabu safu zake kabla ya kuondoka. "Sasa mbona siwaoni? Otis yuko wapi? Jamal? Rondell hakuja kutupokea?"

Kwanza sikuelewa. Bi Earlene ndiye aliyeelewa, kwa sababu nilimsikia nyuma yangu akisema, "Yesu wangu, anajua."

"Lucius," Bi Ardelia akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Unajua kwamba Rondell amekufa?"

"Nilikuwa mbele ya jeneza lake na ngoma. Nitaachaje kujua?"

"Lakini unaniuliza. Kila siku unaniuliza."

"Nikiuliza huwa nimesahau kweli." Alimpapasa mkono, polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Halafu wewe unaniambia yuko kazini, ndipo nakumbuka. Nikasema, maskini mke wangu, akili imeanza kumtoka, hata mazishi ameyasahau. Nikanyamaza. Sikutaka nikuambie ukalie upya."

Bi Ardelia Pettway, niliyemwona kwenye mazishi yasiyo na idadi akishikilia mama za watu wasianguke, alianguka. Hakuzimia. Alikaa chini barabarani na gauni lake jeupe. Mzee alijaribu kumwinua, hakuweza, akakaa naye. Diwani alisimama na karatasi zake mkononi hajui azipeleke wapi. Akina mama wakaja wakawazunguka, na Mzee, akiwa pale chini, alitazama sura zao moja moja, bado anatafuta.

"Hata huku hawapo," akasema. "Ardelia, hata huku hawapo."

Hilo ndilo nililomfanyia. Bi Ardelia aliniomba siku moja asiwapoteze, nami nikampa siku ya kuwapoteza hata ng'ambo ya kaburi.

Sherehe iliendelea, watu hawajui kuacha chakula kipoe. Kitambaa kilivutwa, kibao kikaonekana, watu wakapiga picha. Mzee alikula samaki wawili, akasinzia kwenye kiti. Mimi nilirudi dukani nikafunga mlango, na wiki nzima sikupokea simu.

Jumapili ya pili nilijilazimisha kwenda. Nilibeba supu, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Bi Ardelia alifungua, akaipokea sufuria, hakusema kitu kuhusu fulana, na hajasema mpaka leo. Mzee alikuwa jikoni karibu na dirisha. Aliniona akanishika mkono.

"Renita," akasema. "Rondell umemwacha wapi?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ulizoea. Lakini Bi Ardelia alizima jiko, akafuta mikono, akavuta kiti akakaa upande wa pili wa mumewe.

"Rondell alikufa, Lucius," akasema. "Mwezi wa tisa, mwaka tisini na nane. Tulimzika pamoja."

Uso wa Mzee ulivunjika, kama Bi Ardelia alivyoniambia unavyovunjika. Safari hii Bi Ardelia hakukimbia wala hakumnyamazisha. Alilia naye, kwa sauti, kamasi zikimtoka, mwanamke wa miaka themanini na moja ambaye miaka miwili alikuwa akiyameza machozi peke yake kwenye nyumba ileile na mtu aliyekuwa akiyameza peke yake.

Baada ya muda Mzee alifuta macho kwa kiganja.

"Mvua ilinyesha," akasema. "Ngozi ya ngoma ikalegea. Nilipiga vibaya."

"Hukupiga vibaya," Bi Ardelia akasema.

Wote wawili wakanitazama mimi, dada mtu. Nilimtengenezea Rondell fulana ishirini na moja, moja kila mwaka, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa na mtu nikaitaja siku ile. Nikavuta kiti.

"Ulipiga vibaya sana, Mzee," nikasema. "Na angekucheka." Halafu nikalia mpaka supu ikapoa.